Pasipoti ya Mtu wa Shamba na Jina la Baba Yake



Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na mlango wa haki za mayatima. Twaomba radhi, mlango huo tutaufungua mwezi ujao inshallah. Katika siku hizi tumeulizwa na watu wengi wa hapa Segese na vijiji vya jirani juu ya jambo jingine ambalo tumeona halifai kungoja, nalo ni jambo la pasipoti. Mkulima wa mpunga ataka kumpeleka mama yake Hija. Kijana aliyehitimu madrasa ataka kwenda kusoma Madina. Mchimbaji mdogo wa dhahabu ameuza mali yake vizuri, naye ataka kwenda ng'ambo kutazama mashine za kusagia mawe. Wote watatu walikuja kwa nyakati mbalimbali, na mkulima alikuja na swali ambalo tumelisikia kwa wengi: “Maalim, mbona sisi watu wa shamba pasipoti hatupewi?”

Tulimjibu kwamba hupewa. Sheria ya Pasipoti na Hati za Safari ya mwaka 2002 haikumtenga mtu wa kijijini na mtu wa mjini, na ada ni moja kwa wote. Linalomkwamisha mtu wa shamba aghalabu ni zile karatasi zinazoitangulia pasipoti. Na linalozikwamisha karatasi ni majina. Katika majina hayo umo mtego wa dini ambao watu wema wauingia pasipo kujua, na huo ndio uliotutia hima ya kuandika.

Katika mwezi wa Rajabu 1446, yaani Januari 2025, baada ya sala ya Isha, alitujia yule mkulima. Ni mtu mzima mwenye heshima zake, na kijiji chake hatutakitaja. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha taifa cha mama yake, kadi yake ya kupigia kura, kadi ya hospitali, na stakabadhi mbili tatu zilizokunjwa mpaka zikaanza kukatika. Kwa misimu mitatu alikuwa akiweka akiba ya fedha za mpunga kwa ajili ya safari ya mama huyo, na alipoona hazijatimia akauza ng'ombe wawili. Fedha sasa zilikuwa tayari. Akatuomba jambo ambalo kwake lilikuwa dogo: tutie sahihi yetu tuwe shahidi katika kiapo.

Tukamwuliza, kiapo cha nini? Hapo ndipo habari yenyewe ilipotoka.

Mama yule alizaliwa na wazee wa Kisukuma ambao hawakuwa Waislamu, nao walimpa jina la kwao. Alipoposwa na Mwislamu alisilimu, akapewa jina la Kiislamu na shekhe aliyewafungisha ndoa, na tangu siku ile watu wote wakamwita kwa jina hilo jipya likifuatwa na jina la mumewe. Siku ya kuandikishwa kitambulisho cha taifa, karani alipomwuliza majina yake matatu, alitaja lile la Kiislamu, kisha la mume, kisha la baba wa mume. Karani akaandika kama alivyoambiwa. Mahali pa jina la baba pakakaa jina la mume. Mama hakujua kusoma, mwanawe hakuitazama kadi, ikatiwa sandukuni.

Sasa, mwenye kuomba pasipoti hutakiwa kuleta cheti chake cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa cha mmoja wa wazazi wake, au kiapo cha kuzaliwa kwake mzazi huyo ikiwa cheti hakuna, na kitambulisho cha taifa au namba yake, na picha, na jambo la kuthibitisha safari anayoikusudia. Aliyepewa uraia kwa kuomba huleta cheti cha tajnisi badala ya kile cha kuzaliwa. Karatasi hizi zote hutazamwa pamoja, na zatakiwa ziseme neno moja. Mama yule cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, wala si ajabu, kwani wazee wa umri wake wengi wamezaliwa nyumbani mikononi mwa bibi zao, na hakuna aliyeandika kitu.

Mwanawe alipokwenda mjini kuuliza, alikutana na dalali, mmoja wa hawa wakaao chini ya miti karibu na maofisi wakajifanya wajuzi kuliko makarani wenyewe. Dalali akaitazama kadi, akasema kazi ni nyepesi. Kitambulisho kisiguswe, kwani kukisahihisha kwachukua siku nyingi. Bali kiandikwe kiapo cha kuzaliwa kwa mama kitakachofuatana na kitambulisho, kiseme kwamba baba yake ni yule aliyeandikwa pale. Watafutwe mashahidi wawili, na mmoja wao awe mtu wa dini, ili kiapo kipate uzito.

Wasomaji, tafadhalini mlitazame jambo hili vizuri. Aliyeandikwa pale ni mumewe. Kiapo kile kingemfanya mama wa watu kuwa binti wa mume wake mwenyewe, na huyu mwanawe aliyekuja kwetu angekuwa, kwa hesabu ya karatasi, ndugu wa mama yake. Na yote hayo yangeapwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, ili bibi yule apate kwenda kuizunguka Nyumba Yake.

Tulikataa. Yule bwana hakupaza sauti wala hakututukana. Alisema, “Maalim, mama ana miaka themanini. Nyinyi mwajua kama atafika mwaka kesho?” Akafunga mfuko wake kwa ile kamba, akaondoka. Kwa ijumaa nne hatukumwona msikitini, na watu walianza kusema kwamba mwalimu amemzuilia bibi kizee Hija kwa ajili ya karatasi. Hata nyumbani kwetu hatukusalimika na maneno hayo. Twakiri kwamba siku zile hatukulala vizuri, na mwenye kudhani kwamba jambo kama lile ni jepesi kuliamua hajapata kukaa ana kwa ana na mtu anayemlilia mama yake.

Lakini twataka tueleze kwa nini tulikataa, maana mambo ya namna hii yatawafikia wengi.

Kwanza ni kiapo chenyewe. Watu siku hizi hukiita afidaviti, nao hukidhania kuwa ni fomu nyingine tu miongoni mwa fomu. Sivyo. Mtu husimama mbele ya hakimu au wakili, akaapa kwamba ayasemayo ni kweli. Tumemwona mtu akihesabu chenji yake mara tatu dukani, kisha akakitia sahihi kiapo pasipo kusomewa. Wanachuoni wetu wamelipa jina lake kiapo cha mtu anayeapa juu ya jambo lililopita hali akijua kuwa asema uongo. Hukiita yamini ghamusi, yaani kiapo chenye kuzamisha, kwa sababu humzamisha mwenyewe katika dhambi. Imamu Shafii asema mwenye kuapa hivyo yampasa kafara pamoja na toba. Wengi wa wanachuoni wengine wasema kafara haimo kabisa, na si kwa kumhurumia, bali kwa kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko kafara. Basi mtu ataonaje kuianza Hija yake kwa jambo hili?

La pili ni nasaba. Wengi wetu twakijua kisa cha Zaid bin Haritha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimlea na kumpenda hata watu wakamwita Zaid mwana wa Muhammad. Ikateremka aya ya 5 ya Suratul Ahzab kuamrisha watu waitwe kwa baba zao, na tangu hapo akarejea kuwa Zaid bin Haritha. Hakuna baba mlezi aliyekuwa bora kuliko yule, na hata hivyo jina la baba mzazi halikuachwa lifutike. Na mwanamke wa Kiislamu hapotezi jina la baba yake kwa kuolewa. Desturi ya kumwita mke kwa jina la mume haikutoka katika dini yetu; tumeichukua njiani, tukaizoea, na leo yatufunga miguu.

Kuna waliotuambia kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Kanuni ni ya kweli, lakini hapa si mahali pake. Hija ni faradhi juu ya mwenye kuiweza, na kuiweza kwenyewe ni pamoja na kupata njia. Aliyefungiwa njia kwa kitambo hana dhambi mpaka ifunguke, na nia yake haipotei. Wala hatukusema lolote bado juu ya serikali, ambayo kwayo maelezo ya uongo katika maombi ya pasipoti ni kosa lenye adhabu. Tena pasipoti za sasa, tangu zilipozinduliwa zile za kielektroni tarehe 31 Januari 2018, zina kidude ndani yake kihifadhicho picha na habari za mwenyewe. Uongo ukiingia humo hautoki kwa kukwaruzwa na wembe.

Baada ya mwezi na zaidi, katikati ya Ramadhani, yule bwana alirudi. Dalali alikuwa amekwisha kula malipo ya kwanza na simu hapokei tena. Hatukumwuliza mengi. Tulifuturu pamoja, kisha tukakaa na mama yake kutafuta ni nani katika dunia hii anayejua amezaliwa lini na kwa nani.

Akakumbuka kaka yake. Mzee yule yu hai, akaa upande wa Geita, macho yameondoka lakini akili ni nzima. Tulimwendea. Tulipomwuliza dada yake amezaliwa mwaka gani, alicheka akasema yeye miaka ya kuandikwa haijui, ila ajua kwamba mtoto yule alizaliwa msimu ule askari wa Keya waliporudi kutoka Burma, na mjomba wao mmoja alikuwa miongoni mwao. Twajua kutoka katika vitabu kwamba vita vile vilikwisha mwaka 1945 na askari wa Tanganyika wakaanza kurejea makwao. Huo ndio mwaka wetu, au karibu yake sana.

Twawanasihi wenye wazee wasio na vyeti wafanye kama tulivyofanya, wala wasibuni miaka. Mzee hajui tarehe, lakini ajua tukio. Ajua kama alikuwa akinyonya, akichunga ndama, au ameshaolewa, wakati wa Uhuru wa 1961; au siku watu walipohamishwa katika Operesheni Vijiji mwaka 1974; au vijana walipokwenda vita vya Kagera 1978. Majina ya Kisukuma nayo ni kalenda: Mabula huzaliwa wakati wa mvua, Nyanzala wakati wa njaa, Shija humfuata Kulwa na Doto. Ulizeni hayo kwa upole, jioni, mzee akiwa ameshiba. Na ulizeni sasa, kabla huyo ndugu wa mwisho ajuaye hajaondoka.

Mzee yule aliapa kweli tupu. Aliapa juu ya dada yake, na juu ya baba yao aliyewazaa. Kisha kikaandikwa kiapo kingine, nacho ndicho tunachotaka wasomaji wakijue, kwa kuwa wengi hawakijui: kiapo cha majina. Humo mtu hueleza kwamba jina hili la zamani na jina hili la sasa ni ya mtu mmoja, na kwa sababu gani. Mtu aliyesilimu hana haja ya kulificha jina la kwanza wala kuzua baba wa Kiislamu. Baba yake ni yule yule, hata kama hakusali rakaa moja. Kwa viapo hivyo, na barua ya mtendaji wa kijiji, kitambulisho cha taifa kikaombewa masahihisho, na cheti cha kuzaliwa kikaombwa wilayani Kahama, katika ofisi ya mkuu wa wilaya, ambako hufanywa kazi ya RITA. Haikuwa kazi ya siku moja. Mara karani hayupo, mara mtandao umekatika, mara herufi imekosewa na yatakiwa kurudi tena. Nauli ya kutoka kwetu hadi mjini kwa mkulima ni jambo zito, na twaona si haki kulinyamazia. Mtu wa mjini akiambiwa aje kesho huja kwa miguu.

Na hapa yatubidi tujilaumu wenyewe. Tuna miaka mingi tukifundisha, na daftari la madrasa yetu tunalo. Tulipolifungua siku zile tukitafuta habari za yule kijana wa Madina, tuliona aibu. Mtoto ameandikwa kwa jina lake na jina la kitongoji. Mwingine ameandikwa kwa jina lake na jina la mama. Yule kijana mwenyewe, ambaye alilelewa kwa baba yake mdogo, tulimwandika kwa jina la huyo baba mdogo kwa kuwa ndiye aliyemleta, na shule ya msingi nayo ikafanya kama sisi. Nyumbani aitwa kwa jina la Kisukuma, madrasani kwa jina la Kiislamu, na katika cheti cha darasa la saba ni mwana wa mtu asiye baba yake. Kila jina lilikuwa na sababu yake siku lilipoandikwa. Leo anatumia mwaka mzima kuyapatanisha, na nafasi aliyoahidiwa haikungojea. Kosa lile ni letu kama lilivyo la wazazi wake.

Linganisha na yule mchimbaji. Mama yake alimtunzia kadi ya kliniki ndani ya mkoba wa ngozi kwa miaka thelathini, akamkatia cheti angali mdogo, na jina lake ni lile lile kila mahali. Huyo alipata pasipoti yake bila ya kisa cha kusimulia.

Wenzetu Wakristo tangu zamani wana vitabu vya ubatizo makanisani, na vitabu hivyo vimewafaa watu wengi waliotafuta ushahidi wa kuzaliwa kwao. Sisi tuna akika. Siku ya saba mtoto hupewa jina, mbuzi akachinjwa, majirani wakala, na jambo likaishia katika matumbo. Tangu Shawwali iliyopita tumenunua kaunta buku kubwa, na kila akika inayofanyika katika mtaa wetu twaiandika humo: jina la mtoto, jina la baba mzazi na la babu, jina la mama na la baba yake, tarehe ya Kiislamu na ya kizungu, na sahihi za mashahidi wawili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la fedha laandikwa, sembuse nasaba ya mtu? Hata hivyo kaunta buku si cheti. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hupewa cheti cha kuzaliwa bure, kliniki au kwa mtendaji wa kata, na hakuna udhuru kwa baba anayeiacha miaka hiyo mitano ipite.

Mkifika kwa karani, tamkeni jina kisha mwombe mlione lilivyoandikwa. Sisi wa huku ulimi wetu huchanganya re na le, na karani huandika alichosikia. Tumeona Rajabu aliyegeuka Lajabu, na Khadija ambaye katika cheti ni Hadija na katika kitambulisho ni Khadija. Kwa masikio ya binadamu ni mtu mmoja. Kwa mashine ni wawili.

Ama utaratibu wa maombi yenyewe, hauna siri. Fomu ya pasipoti hujazwa katika mtandao wa Idara ya Uhamiaji, na asiyekuwa na kompyuta hujaziwa na vijana wa maduka ya steshenari kwa malipo kidogo. Muketi karibu nao mkisoma kila herufi, maana kosa lao litakuwa lenu. Hutoka namba ya malipo, ikalipwa kwa simu au benki. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, yaani 20,000 za fomu na 130,000 za kitabu, na kitabu hudumu miaka kumi. Fomu huchapwa, ikagongwa muhuri wa wakili au hakimu, kisha mwombaji huipeleka mwenyewe katika ofisi ya Uhamiaji pamoja na karatasi zake za asili, kwa kuwa huchukuliwa alama za vidole na huulizwa maswali. Hakuna wakala awezaye kukupelekea vidole vyako. Anayekuambia kwamba yote atayafanya yeye nawe ukae nyumbani, mwache palepale.

Kwa wenye nia ya Hija tuna neno la wakati. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kizungu kwa siku kama kumi na moja, kwa hivyo Hija yasogea nyuma kila mwaka. Mwaka 2024 siku ya Arafa ilikuwa tarehe 15 Juni. Mwaka 2025 ikawa tarehe 5 Juni. Na hesabu ya mwaka 2026 yaileta mwisho wa Mei. Maana yake kwa mkulima ni kwamba Hija imeitangulia fedha ya mpunga. Fedha za mavuno ya mwaka huu ni za Hija ya mwaka ujao, na vikundi vya Hija hufunga orodha zao miezi mingi kabla ya safari. Pasipoti nayo yatakiwa ibakiwe na muda usiopungua miezi sita. Basi anayesubiri mfungo sita ndipo aanze kutafuta cheti cha kuzaliwa ameshachelewa.

Neno jingine kwa vijana wetu, hasa wa kike, waitwao kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa nyumbani Watanzania katika Oman na Falme za Kiarabu, na miongoni mwa yaliyosimuliwa humo ni matajiri kuzishika pasipoti zao. Wapo waajiri wema, nasi twawajua watu waliorudi salama na kujenga nyumba. Walakini pasipoti ni amana uliyopewa na serikali yako, na mahali pake ni mkononi mwako. Kabla ya kuondoka acheni nakala yake nyumbani, kwa baba au kaka, pamoja na anwani ya mahali muendako.

Turudi kwa bibi yetu. Pasipoti yake ilipatikana katika mwezi wa Muharram 1447, yaani Julai 2025. Mahujaji wa mwaka ule walikuwa wamekwisha rejea makwao, na mmoja wao alikuwa amemletea maji ya zamzam katika chupa ndogo. Mwanawe alituita nyumbani tuisome pasipoti mbele yake. Tulimsomea jina lake, kisha jina la baba yake, lile la Kisukuma. Alituomba tulirudie. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba kikundi kimemtaka angojee msimu mwingine. Tukamjibu kwamba ni kweli. Akasema, “Haya,” akaomba mkongojo wake ili aende kutia udhu, kwani adhuhuri ilikuwa imeingia, na tuliona kwamba goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki kama lilivyokuwa mwezi wa Rajabu.

Mwanawe asali nasi tena. Hajapata kutuambia kama ametusamehe, nasi hatujamwuliza.

Mwezi ujao inshallah tutarejea katika haki za mayatima, na tutajibu barua ya msomaji aliyeuliza kama mlezi aweza kula katika mali ya yatima akiwa yeye mwenyewe ni maskini.

Wabillahi tawfiq.